Pampu ya Marehemu na Karanga Kumi na Ngapi

Jumatatu, 9 Septemba 1996

Kutoka Shinyanga mpaka Geita hajazaliwa mtu anayeijua dizeli kama mimi, Maige. Sijisifu, natoa taarifa. Injini ikinisikia nakohoa nje ya uzio, inawaka yenyewe. Mwaka jana lori liligoma pale Kharumwa, mafundi watatu wamelala chini yake siku mbili. Nikapita, nikapiga teke tairi la nyuma, likanguruma! (Wanasema mmoja wao alikuwa amefungua mafuta wakati huohuo. Wivu.) Na yote haya bila kumaliza shule. Niliacha kidato cha pili mwezi wa nane, baada ya kuona walimu wameanza kurudia mambo. Daftari hili ni la wakati huo. Kurasa karibu zote ni safi.

Hali ilivyo. Naendesha pikapu ya dada yangu Salvina, Kahama kwenda Kharumwa na kurudi. Unga, maharage, na wachimbaji wa dhahabu juu ya unga. Pikapu aliiacha mumewe, shemeji Ignas, aliyefariki mwaka jana. Mwenyewe alikuwa mtu wa Ushirombo, na huko ukoo ulikaa kikao. Mdogo wake marehemu, Donatus, bwana mmoja wa kola iliyonyooka, alisema mwanamke hawezi kutunza gari, lirudi nyumbani. Wazee wakakata hivi: Jumapili hii, tarehe 15, saa nne asubuhi, ni misa ya mwaka mmoja ya marehemu. Salvina aje nalo. Likifika bila kuvutwa na gari jingine, ni lake moja kwa moja. Likishindwa, Donatus analichukua.

Rahisi. Gari ni zima. Ugonjwa wake ni mmoja tu: pole! Leo kwenye kilima cha kabla ya Kharumwa kanipita Januari. Januari huyu huyu, mwenye pikapu kama yangu, tofauti ni rangi na majivuno. Kapunguza mwendo makusudi, katoa kichwa dirishani, kaniuliza: Maige nkoi, rafiki yangu, hilo linapanda mlima au linauomba radhi?

Wachimbaji wangu wakacheka. Wamekaa juu ya unga wangu, wanacheka!

Haitarudia.

Jumanne, 10 Septemba

Nimekwenda kwa Bwana Karan, fundi wa pampu za dizeli, yule Mhindi wa nyuma ya soko. Mbele mkewe Savita anauza viungo, nyuma yeye anatengeneza pampu. Ana mashine ya kupimia pampu ameifunika kitambaa cheupe kama altare. Ukimsogelea na mikono michafu anakufukuza.

Nikamwambia aniongezee nguvu. Kakataa kabla sijamaliza. Kasema pampu hiyo aliipima mwenyewe, marehemu amesimama pale pale niliposimama mimi, na wakaifunga kwa waya na muhuri wa madini ya risasi. Kasema ukiongeza mafuta bila kuongeza hewa, kinachozidi si nguvu bali moto. Moshi utakuwa mweusi, injini itachemka, mwisho pistoni itayeyuka. Kaniuliza kama nimeelewa. Nikasema sana. Kasema haamini. Ili kuhakikisha sigusi, kanionyesha kwa kidole kwenye pampu ya mteja mwingine: hii skrubu ndogo hapa nyuma, Maige, yenye nati ya kuibana, hii usiiguse hata kama mama yako amekuomba.

Wabeja gete, asante sana, Bwana Karan! Nilikuwa sijui ilipo.

Habari ya moto sikuielewa vizuri. Injini ni moto. Moto ukizidi, injini imezidi. Huyu mzee anataka niende kwake kila mwezi, basi.

Tatizo moja ni dada. Kila asubuhi anafungua boneti na kugusa ule muhuri kwa kidole, kama mtu anayechovya maji ya baraka mlangoni mwa kanisa. Marehemu alimwachia neno moja kuhusu gari: muhuri ukiwa mzima, lala usingizi. Hajui spana wala bisibisi, anajua muhuri.

Nitafikiria.

Jumatano, 11 Septemba

Nimefikiria. Nimekata muhuri.

Naandika utaratibu, siku moja utafundishwa. Machimboni, ndoo ya mawe ikitoka shimoni, mtu anatia kokoto moja kwenye kopo. Jioni wanahesabu kokoto, hakuna ugomvi. Nami nikafanya vivyo hivyo. Nilikuwa na karanga za kukaanga kwenye karatasi. Kila nikizungusha skrubu robo duara, karanga moja inatoka kwenye karatasi inaingia mfuko wa shati. Siku nikitaka kurudisha, narudisha robo moja kwa kila karanga iliyomo mfukoni. Sayansi!

Karanga ya kwanza, hakuna kitu. Ya tatu, sauti ikanenepa. Ya sita, gari likatikisika kama mbwa aliyetoka mtoni. Nikaendelea.

Halafu njia ya Kharumwa. Mama yangu! Kilima kile kile nilikikuta na kukiacha. Nyuma yangu wingu jeusi limefunika barabara, mbuzi wakatoka mbio, mwendesha baiskeli mmoja alishuka kabisa akasubiri kupambazuke upya. Nikamkuta Januari. Nikampita! Nilipotazama kioo sikumwona, nilimsikia tu anakohoa.

Na jambo ambalo Bwana Karan na mashine yake ya altare hakulijua: wachimbaji wanaupenda ule moshi. Kwao chenye moshi ndicho chenye nguvu. Kurudi, Januari alikuwa amejaza watu tayari. Mmoja akaona bomba langu linatapika, akaruka chini na godoro lake. Wakamfuata wengine sita. Wakalipa gari jina, Tanuru. Mmoja akaniomba nikanyage mafuta gari likiwa limesimama, apate kuutazama vizuri. Nikakanyaga. Wakapiga makofi.

Muhuri nao nimeutengeneza. Karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, ndani yake bigijii niliyotafuna, nikaiminya kwenye waya. Ukisimama mbali ni risasi. Ukisimama karibu ni kazi nzuri.

Alhamisi, 12 Septemba

Asubuhi dada kagusa muhuri. Kidole kikazama kidogo. Kanitazama. Kasema leo umekuwa laini. Nikamwambia ni joto la Septemba, risasi hulegea. Kasema shemeji yako hakuniambia hivyo. Nikamwambia shemeji alifariki kabla ya joto la mwaka huu. Akafunga boneti polepole.

Njiani jambo la ajabu. Rejeta imechemka mara tatu kwenda, mara nne kurudi. Kwa nini? Gari lina nguvu zaidi, lilipaswa kuchoka kidogo zaidi. Nimelifikiria sana. Nadhani ni kama mtu anayelima: mwenye nguvu ndiye anayekunywa maji mengi. Basi ni dalili nzuri.

Dizeli nayo inakwisha upesi. Jambo hili sijalipatia dalili yake bado.

Kwenye kituo cha pili cha kuchota maji niliona rejeta inavuja. Niliporudi Kahama nikaenda kwa Savita kununua binzari, maana madereva wote wanajua binzari inaziba. Nikaomba nusu kilo. Mama wa watu kaniuliza kama napika pilau ya harusi. Nikasema hapana, ni ya gari. Kaweka mizani chini. Kisha kauliza gari lenyewe limepata nini. Nikasema limepata nguvu. Kamwita mumewe kwa Kihindi, nikasikia neno pampu katikati, nikaondoka bila chenji.

Maji ya rejeta sasa ni ya njano. Bado yanavuja, ila yanavuja yakinukia vizuri.

Nilipokuwa humo humo nikagundua kidude kidogo mdomoni mwa bomba la maji, kinazibaziba njia. Kiwandani walikisahau! Nimekitoa, nimekitupa. Kesho maji yatapita huru.

Ijumaa, 13 Septemba

Maji yamepita huru. Yamechemka huru pia.

Zaidi ya hapo, leo gari limekataa kuzimika. Nimefika stendi, nimezungusha ufunguo, nimechomoa ufunguo, nimeuweka mfukoni, nimeshuka. Injini inaendelea kunguruma. Nikarudi ndani nikauingiza tena, nikauchomoa tena, labda sikuchomoa vizuri. Inanguruma zaidi! Watu wakakusanyika. Januari akaja na muwa wake anatafuna, akasema ni vizuri, Maige, sasa halina haja hata na wewe. Mwisho nikaingiza gia ya nne, nikakanyaga breki, nikaachia klachi. Likaruka kama chura, likazimika. Nikawaambia watu nilikuwa nalijaribu.

Basi nimeamua. Mimi si mjinga. Kukiwa na misa Jumapili na Donatus anangoja na kola yake, skrubu irudi ilipokuwa. Gari liende pole, lifike, dada apate haki yake, kisha Jumatatu tutaona.

Nikafungua boneti. Nikashika bisibisi. Nikaingiza mkono mfuko wa shati kuhesabu karanga.

Maganda.

Maganda mekundu yale mepesi, na chumvi.

Nimekaa kwenye ndoo nikajaribu kukumbuka. Jumatano kwenda, nilikula? Nilikula. Foleni ya maji, nilikula. Mchimbaji mmoja wa mbele aliniomba, nikampa kiganja kizima, tena nikajiona mkarimu. Zilikuwa tisa? Kumi na nne? Nakumbuka nilisema kumi na… na kitu. Nikaenda kwa mwuza karanga nikamwuliza karatasi moja inakuwa na karanga ngapi. Kanijibu anapima kwa kikopo, kama nataka za kuhesabiwa niende benki.

Nikarudisha robo kumi na moja kwa makisio. Gari likawaka kwa shida, likakohoa, halikuweza kutoka uani. Nikaongeza tano. Likanguruma lenyewe. Nikapunguza mbili. Nikaongeza moja. Nikapunguza… au niliongeza? Wakati huo jirani alikuwa ananisalimia, na mimi siwezi kuitikia mwadila nikiwa nahesabu.

Sasa sijui. Sijui kabisa. Moshi umepungua kidogo, au jua limezama, vyote vinafanana.

Jumamosi, 14 Septemba

Bwana Karan kanifuata mwenyewe mpaka nyumbani! Kwa miguu, na kofia. Savita alimwambia habari za binzari. Bahati dada alikuwa kanisani na kwaya wanapanga maua. Shikamoo, marahaba, kisha kafungua boneti na kukuta muhuri wangu. Kauminya. Kaunusa. Kasema una harufu ya mnanaa.

Hakupiga kelele. Ningependa apige. Kaniuliza nimezungusha mara ngapi. Nikamweleza habari za karanga tangu mwanzo. Alifumba macho muda mrefu. Nilidhani anasali.

Kasema pampu lazima ishuke iende mezani kwake, kazi ya siku mbili. Nikasema misa ni kesho. Kasema basi sikiliza, na mara hii usielewe, fuata tu. Gia ya tatu, mguu juujuu. Usikanyage mpaka chini hata kama unafukuzwa na simba. Kila nusu saa simama, fungua boneti, acha ipoe. Ukienda hivyo pengine utafika. Na mwambie dada yako ukweli leo, aamue mwenyewe apande hili au apande jingine.

Mambo matatu ya kwanza nimeyakubali.

Jioni dada kaosha gari kwa mkono wake, mpaka vifuniko vya magurudumu. Kapiga pasi gauni jeusi. Kanunua mshumaa mkubwa, mweupe, mrefu kama mkono, wa kupeleka altareni wakati wa matoleo ya vipaji, jina la Ignas litakapotajwa. Kaufunga kwenye khanga. Kaniambia: Maige, mwaka mzima nimekuwa nikisikia wanavyonisema, kesho nitaingia pale uwanjani nimekaa mbele, ndani ya gari la mume wangu, na nitawaamkia mmoja mmoja.

Nilikuwa na la kumwambia. Likapotea.

Jumapili, 15 Septemba

Tumeondoka Kahama alfajiri. Gia ya tatu. Mguu juujuu. Kila nusu saa tunasimama, dada anashika mshumaa, mimi napepea injini kwa kofia. Binzari inanukia mpaka dada kasema ana njaa. Masumbwe tumepita salama. Mawazoni nilishaandika kabisa ukurasa wa leo: MAIGE AFIKISHA.

Halafu nyuma, honi.

Januari! Amekodiwa kubeba mashangazi wa marehemu kutoka Kahama, na huyo aliyemkodi ni nani kama si Donatus. Kuna kamba mpya, nene, imezungushwa mbele ya gari lake. Kamba ya kuvutia! Kapita pembeni yangu polepole, kamwamkia dada kwa heshima zote, kisha kanigeukia mimi. Kasema nisijali nikikwama, kamba anayo, Donatus kamkabidhi tangu jana, maana wanatujua.

Mashangazi wakacheka, midomo wameiziba kwa mitandio.

Sikumbuki kuamua. Mguu ndio ulioamua. Tanuru likapiga kelele, likaruka mbele, wingu jeusi likameza mashangazi, kamba, Januari na mitandio. Nikapita! Dada kashika mlango, kaniambia Maige, polepole. Nikamwambia ona, ona, lipo gia ya nne! Pengine dakika moja. Dakika nzuri kuliko zote za maisha yangu. Mshale wa joto ulikuwa umelala mwisho, nikadhani umekufa.

Paa!

Kama mtu amepiga sufuria kwa nyundo. Kisha kelele za misumari ndani ya debe. Kisha moshi, lakini huu mweupe, jambo ambalo lilinichanganya kwa sababu nilikuwa nimeshauzoea mweusi. Mafuta ya injini yakamwagika barabarani. Gari likajivuta kidogo, likasimama chini ya jua. Kilomita saba kabla ya Ushirombo. Ilikuwa saa tatu na robo.

Januari akatufikia. Akapita. Basi. Habari za Januari sitaki kuziandika.

Nilihangaika chini ya boneti. Niliondoa hewa kwenye chujio la dizeli. Niliondoa chujio. Nilirudisha chujio. Niligonga vitu. Saa tatu na nusu, saa nne kasoro robo. Dada alikuwa ananiuliza bado? Nikasema karibu. Baadaye akaacha kuniuliza. Saa nne na nusu na ushei akapita mzee na baiskeli, akampakia dada nyuma, na gauni lake jeusi, na mshumaa. Alipoufungua kwenye khanga kuutazama ulikuwa umepinda kwa joto la injini, umeinama kama mtu aliyekaripiwa. Akajaribu kuunyoosha. Ukakatika. Akavibeba vipande vyote viwili.

Mimi sikukata tamaa, naomba iandikwe. Nikaona kijana anarudi kutoka mtoni na maksai wake wanne. Nikakumbuka maneno ya wazee: bila kuvutwa na gari jingine. Ng'ombe si gari! Nikamwahidi jaketi langu. Tukafunga minyororo ya jembe.

Nimeingia uwanja wa kanisa Ushirombo saa saba mchana, nimekaa kwenye usukani, nimeshika kama dereva, ng'ombe wanne mbele. Watu walikuwa wanakula ubwabwa. Mtoto mmoja akauliza ng'ombe wanaendeshwa kwa usukani?

Donatus akaja. Nikamwambia sheria ni sheria, halikuvutwa na gari. Wazee wakatazamana. Mmoja akasema kijana ana hoja. Ukatokea ubishi mkubwa, nusu ya ubwabwa ukapoa. Mwisho Donatus kasema yeye hana haja ya hoja, analichukua, akafungua boneti kwa mbwembwe.

Ubavuni mwa injini kuna tundu. Naweza kuingiza ngumi. Nilijaribu.

Donatus alitazama tundu. Alichungulia, akaona barabara upande wa pili. Kapangusa mikono kwa leso, kasema mbele ya ukoo wote, kwa sauti, kwamba hili sasa ni lake Salvina kabisa, yeye hagombei chuma chakavu.

Mbele ya mashahidi! Gari ni la dada! Nani ameshinda?

Nilimtafuta nimwambie. Alikuwa amekaa kwenye ngazi za kanisa peke yake. Sikumwambia.

Jumatano, 18 Septemba

Tanuru lipo uani kwa Bwana Karan. Kalifungua. Kaniwekea pistoni mezani, kwenye kitambaa cheupe, kama daktari. Katikati imeyeyuka, tundu la kupita dole gumba, kingo zimelegea kama jibini. Kauliza naona nini. Nikasema labda dizeli ya Kharumwa ilikuwa na maji. Kauliza tena. Nikasema au Donatus alikwenda kwa mtu, akafanya mambo. Kauliza mara ya tatu, nikasema au ni wale walionisalimia wakati nahesabu.

Bwana Karan kaniambia ataunda injini upya kidogo kidogo, kwa ajili ya marehemu, itachukua mpaka mvua ziishe. Mihuri atafunga miwili. Na mimi nisivuke mlango wa duka la mkewe, hata kununua chumvi.

Dada kwa sasa anapeleka unga Kharumwa kwa gari la Januari. Anakaa mbele. Januari humfungulia mlango. Hanitanii tena akiniona. Ananipungia mkono tu, jambo ambalo silielewi na silipendi.

Jumamosi, 21 Septemba

Habari kubwa! Kwetu Samuye, mjomba Maganga ana mashine ya kusaga mahindi, ya dizeli, inasaga kama bibi kizee anayetafuna. Foleni ya akina mama inafika barabarani. Nimeitazama. Ina pampu. Nyuma ya pampu kuna skrubu ndogo yenye nati ya kuibana. Haina hata muhuri! Nimemwambia mjomba nitaifanya isage mara mbili. Kasema sawa, nije Jumatatu.

Usidhani sijajifunza. Nimejifunza! Kosa lilikuwa karanga za kukaanga. Safari hii nitahesabia njugu mawe, mbichi, ngumu. Hizo haziliki. Nimeshanunua kikopo kizima.

Nimebakiwa na nusu ukurasa. Jumapili iliyopita niliruka kitu, na daftari hili halisomwi na mtu.

Niliandika kwamba Januari alipita. Hakupita hivyo. Alisimama. Alishuka, amejaa masizi uso mzima, akatazama mafuta barabarani, hakucheka. Akasema, Mama, twende, misa haingoji, nitarudi kumchukua huyu. Mashangazi wakasogeana. Akafungua mlango wa mbele. Ilikuwa saa tatu na dakika ishirini, wangefika na muda wa kunawa uso. Dada alishaweka mguu mmoja ndani, mshumaa mkononi, bado umenyooka.

Mimi ndiye niliyesema dada, acha, ni hewa tu kwenye chujio. Dakika tano. Utaingia na gari lako mwenyewe, wakuone.

Nilijua si hewa. Nilikuwa nimesimama kwenye mafuta.

Akanitazama. Akamwambia Januari, ahsante baba, tangulieni. Akashusha mguu.